Nani Aliyetunza Karatasi? Nyaraka za Shaaban Robert na Aniceti Kitereza, na Swali Linaloikabili Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna nyaraka binafsi za waandishi zinavyosalimika, na namna kusalimika huko kunavyoiumba historia ya fasihi ya Kiswahili. Mifano mikuu ni miwili: barua za mshairi na mfasiri Shaaban Robert, na mswada wa riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Hoja inayotetewa ni kwamba ubora wa kazi peke yake hauihifadhi karatasi. Karatasi hudumu pale zinapokutana kazi za watu watatu, yaani aliyeandika, aliyetunza na aliyehariri. Hoja hiyo inatumiwa kuitazama Ufipa, ambako maandishi mengi yanayorejelewa kuhusu sanaa na historia ya wenyeji yako katika lugha za kigeni. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza hatua zinazowezekana katika mazingira ya wilaya kama Nkasi.

1. Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hutumiwa zaidi kuhusu biashara, lakini inaihusu fasihi kwa kiwango kilekile. Mtunzi anayekufa bila daftari lake kupata mtunzaji huacha jina, pengine na mashairi machache yanayokumbukwa kwa vipande, ilhali habari ya namna alivyofanya kazi hupotea pamoja naye.

Mwanafunzi wa uzamili anayeanza utafiti wa fasihi akiwa Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, hukutana na ukweli huu mapema. Orodha yake ya marejeo itaanza na kitabu cha Askofu Lechaptois wa Shirika la Mapadri Weupe, kilichochapishwa mwaka 1913 kwa Kifaransa. Itaendelea na makala ya Padri Wyckaert ya mwaka 1914 kuhusu wahunzi, nayo kwa Kifaransa, kisha makala ya Greig ya mwaka 1937 kuhusu uyeyushaji wa chuma, kwa Kiingereza. Atafika kwa mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha vitabu kadhaa, kikiwamo cha mwaka 1978 kuhusu sanaa ya usemi ya Wafipa. Mwishoni atamsoma Kathleen Smythe, ambaye kitabu chake cha mwaka 2006 kinahusu familia za Nkansi na uinjilishaji wa Kikatoliki kati ya 1880 na 1960. Hizi ni kazi za thamani, na waandishi wake wanastahili shukrani. Hata hivyo, msomaji wa Namanyere anayetaka kusoma habari za babu zake analazimika kwanza kujifunza lugha mbili za Ulaya.

Swali la makala haya linatokana na hali hiyo. Kwa nini baadhi ya waandishi wa Afrika Mashariki wameacha karatasi zinazoweza kusomwa, na wengine hawakuacha? Je, tofauti hiyo inatokana na ukubwa wa vipaji, au na mambo mengine? Ili kulijibu, nitaichunguza mifano miwili inayojulikana vyema, mmoja wa pwani na mmoja wa bara, kisha nitarejea Ufipa.

2. Nyaraka za mwandishi: maana na mipaka

Kwa nyaraka za mwandishi, makala haya yanamaanisha karatasi zote zilizotokana na maisha yake ya uandishi: rasimu, miswada, daftari za mashairi, barua alizotuma na alizopokea, mikataba na wachapishaji, hesabu za fedha, hata bahasha zenye tarehe za posta. Maana hii ni pana kuliko ile ya mswada katika mapokeo ya fasihi ya Kiswahili, ambamo neno hilo hutukumbusha kwanza tendi za pwani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu.

Tendi hizo zilipata bahati ya pekee. Katika miaka ya 1960, J. W. T. Allen alizunguka miji ya pwani na visiwa akikusanya miswada, kuipiga picha na kurekodi sauti za wasomaji. Matokeo yake ni mkusanyiko uliomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970. Bila kazi ile, sehemu kubwa ya tunachofundisha leo kuhusu tendi ingebaki katika masanduku ya familia, ikingoja mchwa.

Lakini mkusanyiko wa namna hiyo huwa na mipaka miwili. Kwanza, mkusanyaji hutafuta kile anachokijua kuwa ni fasihi. Aliyekwenda Lamu au Pemba alitafuta utenzi. Hakutafuta barua za karani wala hesabu za mshairi aliyedai malipo yake. Pili, mkusanyaji huenda mahali panapojulikana kuwa na hazina. Ramani ya miswada ya Kiswahili ikawa ramani ya pwani, na bara likaonekana kuwa nchi ya masimulizi yasiyo na karatasi. Dhana hiyo ya pili ndiyo inayohitaji kupingwa, kwa kuwa imezaa matokeo yake yenyewe: palipodhaniwa kuwa hapana kitu hapakutafutwa, na pasipotafutwa hapakuonekana kitu.

3. Barua za Shaaban Robert

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, na kufariki mwaka 1962. Hakuwa mwalimu wa chuo kikuu wala hakuishi kwa kalamu. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika idara ya forodha, baadaye katika idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya na idara ya upimaji ardhi. Vitabu vyake aliviandika baada ya saa za kazi. Alikuwa mshairi, mwandishi wa nathari, na mfasiri: mwaka 1952 ilichapishwa tafsiri yake ya rubai za Omar Khayyam, aliyoifanya kutokana na matini ya Kiingereza ya Edward FitzGerald.

Kuhusu maisha yake tuna tawasifu aliyoiandika mwenyewe kwa sehemu mbili. Tawasifu ni chanzo muhimu, lakini ni kazi ya sanaa. Mwandishi huchagua la kusema na la kunyamazia, na Shaaban Robert, aliyejali sana adili, aliyapanga maisha yake yawe funzo. Chanzo cha namna nyingine kilipatikana mwaka 2002, pale Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958. Mhariri wake alikuwa M. M. Mulokozi.

Tarehe hizo mbili pekee zinatosha kuonyesha uzito wa chanzo hiki. Mwaka 1931 Shaaban Robert alikuwa kijana wa miaka 22, karani wa forodha, ambaye bado hakuwa na kitabu hata kimoja. Mwaka 1958 alikuwa mwandishi mashuhuri kuliko wote wa Kiswahili, akikaribia kuacha kazi serikalini. Kwa hiyo barua hizi zinaambatana na takriban maisha yake yote ya uandishi, nazo ziliandikwa kwa mtu mmoja, ndugu ambaye yeye mwenyewe alikuwa mwandishi. Hadithi za Ulenge, Nguzo ya Maji, zilichapishwa mwaka 1951. Barua kwa ndugu anayejua kazi ya kalamu haziwi sawa na barua kwa mchapishaji au kwa ofisa wa serikali. Mwandishi hana haja ya kujieleza yeye ni nani.

Kwa mwanaisimu kuna faida nyingine ambayo haijatumiwa vya kutosha. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, mwaka mmoja tu kabla ya barua ya kwanza katika mkusanyiko huu. Kamati ilisimamia usanifishaji wa Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, ambacho kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa, ikaweka kanuni za tahajia, ikaidhinisha vitabu vya shule, na mwaka 1939 ikatoa kamusi. Vitabu vilivyochapishwa katika miongo hiyo vilipita mikononi mwa wahariri waliozingatia kanuni hizo; Shaaban Robert mwenyewe baadaye alikuwa mjumbe wa Kamati. Kwa sababu hiyo, anayesoma kitabu kilichochapishwa mwaka 1951 hawezi kuwa na hakika ni umbo lipi la neno lililotoka kwa mwandishi na lipi lililotoka kwa mhariri. Barua binafsi hazikupita katika chujio hilo. Zinampa mtafiti fursa ya kulinganisha, mwaka hadi mwaka, Kiswahili cha mtu mmoja katika mazungumzo ya faragha na Kiswahili hichohicho katika chapa. Nijuavyo, chanzo kinachofanana na hiki kwa urefu wa muda na kwa umuhimu wa mwandishi ni adimu mno.

Tusisahau, hata hivyo, ni nani aliyeuwezesha ulinganisho huu. Barua huwa ni mali ya mpokeaji kama karatasi, ingawa maneno yake ni ya mwandishi. Shaaban Robert alizituma. Aliyeamua kwamba zisiwashie moto wala zisifungie sukari ni Ulenge. Uamuzi huo ulianza kabla mtu yeyote hajajua kuwa kaka yake atakuwa Shaaban Robert tunayemjua. Kila barua iliyowekwa sandukuni katika miaka ya 1930 iliwekwa kwa mapenzi ya udugu, si kwa heshima ya fasihi. Heshima ya fasihi ilikuja baadaye, ikakuta kazi ya mapenzi imekwisha kufanyika.

4. Mswada wa Aniceti Kitereza

Mfano wa pili unatoka Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho, akasoma katika shule za Mapadri Weupe na katika seminari ya Rubya, Bukoba. Aliacha seminari, akaoa, na kwa miaka mingi akafanya kazi za ukatekista na za kufasiri kwa ajili ya misheni. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya ndefu juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali.

Safari ya mswada huo ni historia kamili ya matatizo ya mwandishi wa bara. Kikerewe hakikuwa na mchapishaji. Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada aliyemtia moyo mwandishi, aliuchukua mswada kwa nia ya kuufasiri kwa Kifaransa, lakini alifariki kazi haijakamilika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wawili Wamarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walipokuwa wakichunguza historia ya Ukerewe, walikutana na mzee huyo na kumshauri aifasiri riwaya yake kwa Kiswahili. Kitereza, ambaye sasa alikuwa amepita umri wa miaka 70 na kulemazwa na maradhi ya viungo, aliifasiri mwenyewe. Tafsiri ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, ikiwa imepigwa chapa China. Mwandishi alifariki mwaka 1981, miaka 36 baada ya kumaliza matini ya kwanza, bila kukishika kitabu chake mkononi.

Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba mswada huu nusura upotee kwa sababu ya wema. Padri Simard hakuupuuza. Alitaka kuufikisha kwa wasomaji. Lakini karatasi iliyo katika nakala moja au mbili, ikiwa mikononi mwa mtu mmoja, hutegemea uhai wa mtu huyo. Nia njema si hifadhi.

La pili ni la kiisimu. Kazi ya Kitereza ipo katika lugha mbili kwa kalamu ya mtu mmoja, moja ikiwa lugha yake ya kwanza na nyingine lugha aliyojifunza. Matini ya Kiswahili inaonyesha Kiswahili cha msomi wa bara wa kizazi kilichozaliwa karne ya 19: msamiati wake, namna anavyolitafutia neno jambo ambalo halina jina sanifu, na pale anapolazimika kueleza badala ya kutaja. Wanaojadili nadharia ya tafsiri hawana haja ya kutafuta mifano ya mbali; huyu hapa mfasiri aliyekuwa na mamlaka yote juu ya matini chanzi, kwa kuwa ilikuwa yake.

La tatu ni kwamba matini ya Kikerewe haikupoteza kazi baada ya Kiswahili kuchapishwa. Mwaka 2002 ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na profesa wa fasihi, mwenyeji wa Ukerewe, ambaye alifasiri moja kwa moja kutoka Kikerewe. Wafasiri wa Kijerumani na wa Kifaransa walikuwa wamepitia Kiswahili. Kama mswada wa kwanza ungetupwa siku kitabu kilipotoka, kama inavyofanyika mara nyingi, njia aliyoipita Ruhumbika isingekuwapo.

5. Mtunzi, mtunzaji, mhariri

Tukiiweka mifano hii pamoja, tunaona mpangilio unaojirudia. Katika kila mmoja kuna aliyeandika, aliyetunza na aliyehariri au kufasiri. Shaaban Robert aliandika, Ulenge akatunza, Mulokozi akahariri. Kitereza aliandika, akatunza kwa taabu akisaidiwa na wageni, kisha yeye mwenyewe na baadaye Ruhumbika wakafasiri.

Si bahati kwamba mikono ya tatu ni ya watu ambao ni waandishi na maprofesa kwa wakati mmoja. Mulokozi ni mshairi. Pamoja na Kulikoyela Kahigi alitoa diwani ya Malenga wa Bara mwaka 1976, ambayo jina lake lenyewe ni hoja: ushairi wa Kiswahili una watunzi nje ya pwani. Tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 ilihusu tendi za enanga za Wahaya. Ruhumbika naye aliandika riwaya na hadithi kabla na baada ya kumfasiri Kitereza. Msomi aliyewahi kuhangaika na rasimu yake mwenyewe huitambua thamani ya rasimu ya mwingine.

Mkono huu wa tatu una hatari zake. Mhariri huamua ni barua ipi itangulie, ni neno lipi lifafanuliwe, na jina la nani lifichwe. Tena kuna suala la haki ya marehemu. Franz Kafka alimwagiza rafiki yake Max Brod achome karatasi zake. Brod hakuchoma, na ulimwengu ukapata riwaya ambazo mwandishi hakutaka zisomwe. Tunaweza kushangilia matokeo na bado tukaona tatizo. Katika jamii zetu, ambamo barua ya mtu kwa nduguye inagusa mahari, madeni, magonjwa na ugomvi wa mirathi, tatizo hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu wanaotajwa wana watoto na wajukuu walio hai. Nyaraka kuhifadhiwa ni jambo moja, kuchapishwa ni jingine. Yapo mambo yanayostahili kufungwa kwa miaka 30 au 50, na familia ndiyo inayopaswa kusema ni yapi.

Tahadhari hiyo haiidhoofishi hoja. Inaonyesha tu kwamba utunzaji unapaswa kuanza mapema, wakati wahusika bado wanaweza kuulizwa.

6. Ufipa: mikono miwili inayokosekana

Sasa turejee kwenye uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa. Pingamizi la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba kulinganisha Ufipa na Tanga au Ukerewe si haki, kwa kuwa fasihi ya Wafipa ilikuwa simulizi. Ukweli wa pingamizi hili ni nusu tu. Masimulizi ya Ufipa ni tajiri. Mfano mzuri ni simulizi la asili ya utawala, ambalo Willis alilichambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1981: mtawala wa Milansi, ukoo wa wenyeji, anakwenda kuwinda, wanawake wageni wa ukoo wa Watwa wanafika na kukikalia kiti chake, na mwisho wake ni mapatano ambayo kwayo wageni wanapata utawala wa nchi, na Milansi inabaki na heshima yake ya kale. Kutoka kwa Watwa hao zilitokea dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Mambo mengi katika simulizi hili hutegemea anayesimulia ni nani na yuko upande upi, kwani aliyenyang'anywa kiti na aliyekipata hawalielezi tukio kwa namna moja.

Hapo ndipo penye upungufu wa maandishi tuliyo nayo. Uchambuzi umetufikia kwa Kiingereza. Msomaji wa kawaida wa Nkasi hawezi kuupima uchambuzi huo kwa maneno ya Kifipa yaliyotamkwa, akasema neno hili limefasiriwa sawasawa na hili limeegemea upande. Kifipa, ambacho katika uainishaji wa Guthrie ni M.13, ni lugha hai yenye wasemaji wengi. Wanaoweza kuupima ushahidi wapo, ila ushahidi uko mbali nao.

Hali ni hiyohiyo kwa tanuri za chuma. Malungu, zile tanuri ndefu za udongo, bado zinaonekana zikiwa zimesimama sehemu mbalimbali za uwanda. Ufundi wake ulielezwa na Wyckaert mwaka 1914, na Greig mwaka 1937, na J. A. R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa mwaka 1969. Tunajua kimo cha tanuri na namna ya kupanga kuni na mawe yenye madini. Lakini uyeyushaji ulikuwa pia tukio la maneno: miiko, dua, nyimbo na majina ya vyombo. Udongo umedumu kuliko maneno, kwa kuwa udongo hauhitaji mtu wa kuunakili.

Nusu isiyo ya kweli ya pingamizi lile ni dhana kwamba Ufipa haikuwa na kalamu. Mapadri Weupe walikabidhiwa ngome ya Karema na Wabelgiji mwaka 1885, na kutoka huko misheni ikaenea kandokando ya ziwa na juu ya uwanda. Misheni ilikwenda na shule, na shule ilizaa makatekista, walimu, makarani na mapadri wazalendo. Hao walikuwa watu wa daftari. Waliandika hotuba, taarifa, barua za kuomba kazi, nyimbo za kanisani na kumbukumbu za ukoo. Tena gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilipokea mashairi kutoka wilaya nyingi za bara, na desturi ya mwalimu wa shule ya msingi kuwa mshairi wa gazetini ikaota mizizi nchi nzima. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, ni ushahidi wa kutosha kwamba mtu wa bara, aliyekulia katika lugha yake na katika shule za misheni, aliweza kusimama mstari wa mbele wa ushairi wa Kiswahili.

Kwa hiyo, katika Ufipa, mkono wa kwanza haukukosekana. Waandishi walikuwapo, wakubwa na wadogo. Iliyokosekana ni mikono miwili iliyobaki: mtunzaji anayejua kuwa anachokitunza kina thamani, na mhariri anayekuja kubisha hodi kabla nyumba haijagawanywa. Shajara za misheni zilitunzwa kwa uangalifu, kwa kuwa Shirika lilikuwa na kanuni ya kuandika na makao makuu ya kuhifadhi, na leo mtafiti huzisoma Roma. Katekista aliyezungumza na padri anatajwa humo kwa nafsi ya tatu. Daftari la katekista mwenyewe halikuwa na kanuni wala makao makuu.

Sheria ya nchi haikulengwa kuziba pengo hili. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inaongozwa na Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, ambayo shabaha yake kuu ni kumbukumbu za umma. Faili la mwalimu lililo katika ofisi ya elimu linaguswa na sheria. Daftari la mashairi la mwalimu yuleyule, lililo juu ya dari ya nyumba yake, ni mali ya warithi. Warithi hugawana mashamba, ng'ombe na mabati. Sijasikia mahali ambapo daftari lilipewa mrithi.

7. Kinachowezekana

Itakuwa rahisi kuhitimisha kwa kudai jengo la makumbusho Namanyere, lenye viyoyozi na wataalamu. Madai hayo si mabaya, lakini yanaahirisha kazi hadi siku ya bajeti. Mifano yetu miwili inafundisha kwamba hatua za mwanzo ni ndogo na hazina gharama kubwa. Ulenge hakuwa na jengo.

Hatua ya kwanza ni ya mtafiti. Kila mwanafunzi wa uzamili anayekwenda kukusanya masimulizi katika kata za Nkasi, Kalambo au Sumbawanga aulize pia swali moja la ziada: je, katika nyumba hii kuna karatasi? Fomu zetu za utafiti wa fasihi simulizi zimemzoesha mwanafunzi kumwona mzee kuwa chemchemi ya usemi tu. Mzee huyohuyo huenda alikuwa karani wa ushirika kwa miaka 20.

Hatua ya pili ni ya nakala. Msiba wa mswada wa Kitereza ulikuwa uchache wa nakala. Simu ya mkononi yenye kamera inatosha kupiga picha daftari zima kwa saa moja, na nakala zikawekwa mahali pawili tofauti, chuoni na kwa familia. Karatasi asilia ibaki nyumbani isipokuwa wenyewe wameamua vinginevyo. Mtafiti anayeondoka na daftari asilia, hata kwa hati ya makubaliano, anarudia kosa la wema lililosimuliwa hapo juu.

Hatua ya tatu ni ya maelezo. Picha isiyo na maelezo baada ya miaka 10 ni karatasi isiyo na mwenyewe. Iandikwe ni nani aliyeandika, lini, kwa lugha gani, nani alitunza, na masharti gani yamewekwa juu ya matumizi yake. Jina la mtunzaji liandikwe sawa na la mwandishi, kwa kuwa bila yeye hakuna cha kuandikia maelezo.

Hatua ya nne ni ya lugha. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha kuwa inawezekana kutoa sarufi na misamiati ya lugha zetu nyingi kwa juhudi za wanaisimu wa hapa nchini. Fasihi inastahili juhudi ya namna hiyo: matini za Kifipa zichapishwe kwa Kifipa, zikiambatana na tafsiri ya Kiswahili. Kazi za Willis na wenzake nazo zifasiriwe kwa Kiswahili, ili watu wanaozungumzwa ndani yake waweze kuzijibu. Kumjibu Willis si kumkana. Ni kumpa kile ambacho kila mtafiti mwaminifu hukitaka, yaani msomaji anayeijua lugha ya ushahidi.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya fasihi tunayoifundisha imejengwa juu ya karatasi zilizosalimika, na kwamba kusalimika kwake kulitegemea sanduku la ndugu, ushauri wa mgeni aliyepita na subira ya mzee mgonjwa kuliko kulivyotegemea mpango wowote wa taasisi. Ukweli huo unapaswa kututia hofu, kwa kuwa unadokeza wingi wa vilivyopotea. Unapaswa pia kutupa moyo, kwa kuwa unaonyesha kwamba mtu mmoja mwangalifu anaweza kuiokoa sehemu ya historia ya lugha.

Kizazi cha walimu na makatekista wa Ufipa waliosoma kabla ya uhuru kinamalizika. Daftari zao, pale zilipo, zimo katika nyumba ambazo wajukuu wanazibomoa ili wajenge za kisasa. Tunaweza kuendelea kuandika kwamba bara halina miswada, na kwa miaka michache ijayo kauli hiyo itazidi kuwa ya kweli kwa sababu sisi wenyewe tumeifanya iwe ya kweli. Au tunaweza kwenda kuuliza, nyumba kwa nyumba, nani aliyetunza karatasi.